Vipeperushi viliingiaje kwenye hazina ya Benedict?

Msomaji ameuliza: "Nimeiangalia Ocean's Eleven, ile ya 2001, mara tatu na bado kuna mambo hayaniingii akilini. Kama pesa zilipakiwa kwenye mabegi na walinzi wenyewe wakayabeba mpaka kwenye gari, ilikuwaje yakakutwa na vipeperushi? Vipeperushi hivyo vilifikaje kule chini? Danny alikuwa amefungiwa chumbani na baunsa, sasa aliingiaje kwenye hazina? Linus alikuwa anajua nini na hajui nini? Na je, kweli ipo mashine ya kuzima umeme wa mji mzima?"

Ndugu yangu, maswali haya huulizwa na mtu aliyeifuatilia filamu kwa makini. Mengi yana majibu ndani ya filamu yenyewe, ila yametawanywa, jibu liko dakika arobaini kabla au baada ya swali. Hilo la vipeperushi ni tofauti. Hilo ni deni ambalo filamu haikulilipa, na nitalikalia kwa muda wake. Kama kuna mwingine anasoma hapa na hajaiangalia, aache sasa, maana siwezi kueleza bila kumwaga kila kitu.

Kwa kifupi: Danny Ocean na wenzake kumi wanaiba hazina ya Terry Benedict, mwenye kasino tatu za Las Vegas, usiku wa pambano la ngumi, na Linus ni kijana wa kundi hilo. Tuanze na mabegi, kwa sababu ukishalielewa hilo mengine yanafunguka. Kumbuka pale Rusty, mshirika mkuu wa Danny, anapompigia Benedict kwenye simu iliyofichwa kwenye koti la Tess, mke wa zamani wa Danny ambaye sasa yuko na Benedict. Anamwambia atazame skrini za usalama. Benedict anaona watu waliofunika nyuso wakiwa ndani ya hazina yake, wanapakia noti. Anapewa masharti: nusu ya pesa itoke, walinzi wake waibebe mpaka kwenye gari jeupe lililo nje, akileta ubishi, nusu nyingine inalipuliwa. Benedict anakubali kwa mdomo, huku kichwani ameshapanga kulifuata gari na kuwaitia polisi walio chini.

Sasa, wewe mtazamaji ulikuwa umekaa wapi wakati huo? Ulikuwa kwenye kiti cha Benedict. Kabla ya simu hiyo ulikuwa unatembea na wezi: unashuka nao kwenye shimo la lifti, unaona mlango ukilipuliwa. Simu inapoita, filamu inakuhamisha kimyakimya na kukuweka upande wa mwenye mali, unaona anachokiona yeye tu, kupitia skrini. Na kilicho kwenye skrini ni mkanda. Umerekodiwa siku kadhaa kabla, kwenye nakala ya hazina ambayo kundi lilijijengea. Hukudanganywa kuhusu nakala hiyo. Mapema kabisa, Danny anapotaja kwamba watahitaji kujenga hazina inayofanana na ile ya kweli, anaulizwa kama ni ya mazoezi, naye anajibu kwa mkato tu kwamba ni kitu kama hicho. Wengi wetu tulilipita jibu hilo bila kugeuka, na humo ndimo ujanja wote ulimolala.

Benedict analigundua baadaye, akiwa amesimama ndani ya hazina tupu. Anatazama chini. Sakafu ina jina la Bellagio, limewekwa siku chache tu zilizopita. Anaomba arudishiwe picha alizoziona wakati wa simu. Kwenye picha, sakafu haina kitu. Napenda sana kipande hiki, maana mtu aliyejisifu kwamba katika kasino zake daima kuna jicho linalotazama anashindwa na maandishi ya sakafuni. Waliojenga nakala waliinakili hazina ilivyokuwa, kabla ya fundi wa Benedict kuweka jina.

Ukiupanga usiku ule kwa mfuatano wake halisi, mambo yanakwenda hivi. Saul, mzee wa kundi, akijifanya Lyman Zerga, tajiri mwenye vito, anamwachia Benedict sanduku lake likahifadhiwe kwenye hazina. Ndani kuna vilipuzi. Yen, mwanasarakasi, anaingizwa amejikunja ndani ya toroli la pesa, akiwa na hewa ya dakika thelathini. Saul anajishika kifua na kuanguka kwenye chumba cha skrini. Wakati watu wote wamemgeukia, Livingston, mtu wa kompyuta na kamera wa kundi, anabadilisha picha, na kuanzia hapo walinzi wanatazama hazina isiyo ya kweli. Basher, fundi wa vilipuzi, anazima umeme. Danny na Linus wanateremka kwa kamba, wanawalaza walinzi kwa gesi, mlango unalipuliwa. Baada ya hapo ndipo simu inapigwa. Kwa maneno mengine, Benedict anapoambiwa "unaibiwa", kazi ngumu imeshakwisha. Kilichobaki ni kuzitoa pesa nje, na hapo ndipo anapohitajika yeye mwenyewe.

Anahitajika kwa sababu lazima apige simu polisi. Ulijiuliza kwa nini polisi wa kweli hawakufika? Simu yake ya dharura ilipokelewa na Livingston. Kikosi kilichoingia na kofia za chuma na silaha ni Rusty na wenzake. Taa zinazimwa, risasi zinasikika, mlipuko, halafu kikosi kinatoka na mabegi yake ya vifaa. Pesa zote ziko humo. Mwenye kasino aliwafungulia milango akiwaharakisha, wakatoka mbele ya macho yake. Gari jeupe nalo halikuwa na dereva. Liliendeshwa kwa rimoti. Kazi yake ilikuwa kuwavuta watu wa Benedict mpaka uwanja wa ndege, mbali na mlango ambao pesa zilikuwa zinapita.

Kuhusu Danny: yule baunsa, Bruiser, ni rafiki yake wa zamani. Kabla ya "kipigo" wanaulizana habari za mke, na mke ni mjamzito tena. Danny anapanda kwenye tundu la hewa juu ya chumba kile na kutokea kwenye lifti, huku Bruiser akibaki peke yake anapiga kelele za mtu anayepiga mtu. Kazi ikiisha anarudi alikotoka. Benedict anapokwenda kumkagua anamkuta palepale alipomwacha, mikononi mwa watu wake mwenyewe. Je, kuna ushahidi bora wa kutokuwepo eneo la wizi kuliko ule unaotolewa na aliyeibiwa?

Swali la Linus ni gumu kidogo. Linus haambiwi kwamba Danny atashuka naye. Anajua Danny ametolewa kwenye kundi kwa sababu ya Tess, na kwamba yeye amepandishwa kuchukua nafasi yake. Anajifanya afisa wa tume ya michezo ya kamari ya Nevada, anamfichua Frank, mwenzao aliyeajiriwa kasinoni, mbele ya Benedict kuwa ni mtu aliyewahi kufungwa, na katika vurugu hizo anachomoa namba za siri kwenye mfuko wa Benedict. Kisha anasingizia kwamba amesahau kifaa chake cha mawasiliano, anarudi, anaingia kwenye lifti, na Danny anajitokeza juu ya kichwa chake. Anapouliza kwa nini hakuambiwa, hapewi sababu ya maana.

Mimi naona sababu ipo. Linus alitakiwa kusimama karibu na Benedict usiku ule, na Benedict husoma nyuso za watu kama kazi yake. Kijana anayeamini kwamba mzigo wote uko mabegani mwake atakuwa na wasiwasi wa kweli, na wasiwasi huo unamfaa kabisa afisa kijana aliye mbele ya tajiri mkali. Lakini je, ugomvi wa Danny na Rusty kuhusu Tess ulikuwa maigizo tangu mwanzo? Hapa watazamaji hawakubaliani. Kwa maoni yangu Rusty alikasirika kweli alipojua kwamba mwanamke anayeishi na Benedict ni mke wa zamani wa Danny. Tazama uso wake katika mazungumzo ya kwanza kuhusu jambo hilo: hakuna mtu mwingine aliyepo pale wa kudanganywa, kwa hiyo angekuwa anamwigizia nani? Baadaye hasira ile ikageuzwa kuwa chombo. Danny akipigwa marufuku kasinoni, Benedict atamkamata akionekana. Akimkamata, atampeleka kwenye chumba kile. Na mtu wa chumba kile ameshaongeleshwa. Ufa uliotokea bila kupangwa ukawekwa kwenye mpango.

Sasa tuje kwenye vipeperushi vya makahaba, vile ambavyo watu husimama barabarani Las Vegas wakiwagawia wapita njia. Gari linalipuka uwanja wa ndege, mabegi yanapasuka, na badala ya noti ni vipeperushi. Mabegi hayo yalitoka chini kwa lifti na kubebwa na walinzi wa Benedict, kabla kikosi cha polisi bandia hakijafika. Kwa hiyo vipeperushi vilikuwa chini kabla ya Rusty na wenzake kushuka. Nani alivishusha?

Tuwapekue waliotangulia, mmoja mmoja. Sanduku la Saul lilijaa vilipuzi, na ni dogo. Danny alitambaa kwenye tundu la hewa akiwa mikono mitupu. Linus aliingia kwenye lifti amevaa suti. Yen alikuwa amekunjwa ndani ya toroli mpaka magoti yanagusa kidevu. Pale hata gazeti moja lisingeingia.

Ndipo linakuja suala la uzito, na hapa naomba uchukue kalamu. Noti ya dola ya Marekani, ya thamani yoyote, ina uzito wa takriban gramu moja. Pesa za usiku ule ni takriban dola milioni 160. Tuseme zote ni noti za mia mia, jambo ambalo kwenye kasino haliwezekani, lakini tuwasaidie. Hizo ni noti 1,600,000. Ni kilo 1,600. Nusu yake, ambayo Benedict aliambiwa inatoka, ni kilo 800. Na karatasi ni karatasi: ukitaka kujaza mabegi yaleyale kwa vipeperushi, navyo vitakaribia uzito huohuo. Danny, Linus na Yen walitakiwa wawe wameshusha karibu tani nzima ya makaratasi kwenye shimo ambalo wawili wao waliteremka wakining'inia kwa kamba.

Watetezi wa filamu wana maelezo yao. Wapo wanaosema mabegi yalijazwa vitu vyepesi na vipeperushi vikatandazwa juu. Sawa, lakini vitu hivyo navyo vilitoka wapi? Wapo wanaosema mabegi yalibadilishwa njiani, kati ya lifti na gari. Siyakubali haya, kwa sababu tunawaona walinzi wakiyabeba katikati ya ukumbi, na mwenye mali ametoa macho kama mtu anayemsindikiza mwanawe safarini. Maelezo ninayoweza kuyavumilia ni ya matoroli. Kundi lilikuwa limeshapata sare, vitambulisho na njia ya kuingiza toroli moja lenye mtu ndani. Njia iliyopitisha mtu ingeweza kupitisha matoroli mengine mawili matatu yenye vipeperushi chini na tabaka la noti juu, na yangeingia hazinani yakihesabiwa kuwa mapato ya usiku. Hilo halivunji kanuni yoyote ambayo filamu imejiwekea. Ila filamu haituonyeshi. Haitupi hata picha moja ya toroli la pili.

Kwenye hadithi za wizi mimi hutofautisha kitu kisichoonyeshwa na kitu kisichowezekana. Nakala ya hazina haikuonyeshwa ikirekodiwa mkanda, lakini tulitajiwa, kwa hiyo mwisho ulipofika tulikuwa na haki ya kusema "kumbe!" Vipeperushi hatukutajiwa. Mtazamaji hawezi kurudi nyuma akakuta dalili aliyoikosa, maana haipo. Nalisema hili nikiwa mpenzi wa filamu hii: ni kosa, na ni kosa la uandishi. Na linauma kwa sababu lilikuwa rahisi kuliziba. Sekunde nne tu za Turk na Virgil, ndugu wawili wa kundi ambao filamu nzima wanagombana kama kuku, wakigombania nani asukume toroli zito zaidi, zingetosha.

Uzito huohuo unaigusa na ile njia ya kutokea. Ukigawa kilo 1,600 kwa watu wanane waliovaa kipolisi, kila mmoja anatoka na kilo 200 begani, anatembea wima, hatoi jasho. Hili mimi nawasamehe. Karibu kila filamu ya wizi huzifanya pesa kuwa nyepesi, na hakuna anayekwenda sinema kutazama watu wakipanda ngazi mara ishirini.

Mashine ya kuzima umeme, ambayo filamu inaiita "pinch", yaani mbano, imechukua jina lake kwenye kitu cha kweli. Kwenye maabara ya Sandia, Albuquerque, jimbo la New Mexico, ipo mashine iitwayo Z, inayobana mkondo mkubwa mno wa umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Upana wake ni takriban mita 33. Ni jengo, ndugu yangu, huwezi kuipakia kwenye gari la Basher. Na hata ungeweza kutengeneza wimbi kubwa kiasi hicho la sumaku na umeme, madhara yake yangekuwa kuunguza vifaa. Taa zisingezimika kwa nusu dakika kisha zikarudi kama kawaida. Kompyuta za Benedict zingeungua, lakini na za Livingston pia, na bila Livingston hakuna mkanda wala simu ya polisi bandia. Hapa ichukue kama hadithi inavyotaka uichukue: swichi kubwa.

Hukuuliza kuhusu hazina yenyewe, lakini kuna jambo dogo linalonifurahisha. Filamu inasema kasino tatu, Bellagio, Mirage na MGM Grand, zinatunza pesa mahali pamoja chini ya ardhi. Umiliki wa pamoja ulikuwa wa kweli, kwani kuanzia 2000 zote tatu zilikuwa chini ya kampuni moja. Lakini kati ya ilipokuwa Mirage, iliyofungwa 2024, na Bellagio kuna Caesars Palace, na MGM Grand iko mbali upande wa kusini, kwa hiyo kila toroli lingetembea kilomita kadhaa chini ya majengo ya washindani. Na ile sheria anayoinukuu Danny, kwamba kasino lazima iwe na noti za kutosha kulipia kila chipu iliyo mezani, imekazwa kuliko ilivyo. Nevada kweli inadai kasino iwe na akiba ya kiwango fulani, lakini fedha zilizo benki nazo huhesabiwa. Danny alihitaji noti ziwe chini pale, zote, usiku wa pambano la ngumi, na mwandishi akamtafutia sheria.

Nimalizie na wale watu wawili wanaoonekana mwishoni mwa filamu. Danny anafungwa miezi michache kwa kukiuka masharti ya kuachiwa kwake gerezani, anatoka, anapokewa na Rusty, Tess yuko kwenye kiti cha nyuma, na gari lao linapoondoka linafuatwa na vijana wa Benedict. Kwa hiyo Benedict anajua? Anahisi, tena kwa nguvu, lakini mkononi hana kitu: mkanda unaonyesha watu wasio na nyuso, Danny alikuwa chini ya ulinzi wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapungia mkono polisi wapite. Hawezi kulipeleka jambo hilo mahakamani bila kusimulia mbele ya umma jinsi lilivyotokea. Anachoweza ni kufuata na kungoja, na katika Ocean's Twelve ya 2004 anachoka kungoja, anamtembelea kila mmoja wa wale kumi na mmoja na kuwadai pesa zake pamoja na riba, ndani ya wiki mbili.